Machela ya Bibi Ursula

Wamenyamaza! Kweli nakwambia, wanawake wa ukumbi mzima kule Muyinga wamenyamaza, na hakuna kitu kizuri kilichotokea mwaka huu kupita hicho. Bon, ngoja turudi nyuma kidogo.

Iko mama mmoja Magarama, hapa Gitega, anaitwa Letisia, anadarizi vitambaa. Vile vya kufunika makochi, maua, njiwa wawili, "Karibu Mgeni", unavijua. Anaishi chumba kimoja, peke yake. Redio anaiacha inaongea hata akiwa anafua nje, ili akirudi akute sauti ndani. Vitambaa vyake viko kwenye salon, sebuleni kwa watu mji mzima, lakini kuja kukaa kwenye hayo makochi, nani anamwita?

Alilelewa na bibi yake, Ursula, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Waliporudi, bibi akabaki Muyinga kulima, Letisia akaja mjini na sindano yake. Huyo bibi alimhadithia kitu mara moja tu, wakichambua maharage, na hajarudia tena. Bibi alikuwa bado msichana, anatoka kuchota maji. Wanaume wakamkamata, wakamfunga mikono kwa kamba, wakamlaza kwenye machela, ile ya kubebea bibi harusi zamani. Halafu wakaanza kuimba nyimbo za harusi, ili watakaokutana nao wasiulize. Na wanawake waliokuwa wanalima kando ya njia wakasimamisha majembe, wakapiga vigelegele. Yeye analia, wao wanampigia vigelegele. Bibi harusi kulia ni desturi, nani angeshtuka?

Hiyo habari ikamkaa Letisia kama mwiba nyamani. Mwishowe akachukua shuka jeupe zima, akadarizi mlima, njia, wabebaji, machela, msichana, na wale wanawake na midomo wazi. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aione ile kamba, hata mtu mmoja, kabla bibi hajaondoka duniani.

Kikundi cha wanawake wa Nyamugari, hapahapa Gitega, kikamtundikia shuka siku ya maonyesho yao. Wamama wakaingia, wakaona machela, wakapiga vigelegele mpaka bati likaitika. Yasmina, muuza vitenge, akamshika mkono.

"We dada, hii iko bien kabisa. Unifanyie kama hii ya harusi ya binti yangu. Lakini huyu bibi harusi umuweke acheke kidogo, quoi. Amenuna kama amekunywa dawa ya minyoo."

Watu wakacheka. Letisia naye akacheka, maskini, akasema sawa, atamfanyia. Kisha akakunja shuka, akarudi Magarama kwa miguu, yeye na kivuli chake. Bibi amepigiwa vigelegele mara ya pili, na safari hii aliyempeleka ni mjukuu wake mwenyewe.

Nyumbani akalitandaza kitandani, akaangalia vizuri. Kamba alikuwa ameishona kwa uzi wa kahawia, nyembamba, juu ya mikono ya kahawia. Alitaka waone, na aliogopa waone. Hakuwa na mtu wa kumwuliza, akaiuliza sindano. Akafumua. Akaweka uzi mwekundu, mnene, na ncha akaiacha inaning'inia nje ya shuka, mtu aweze kuishika.

Machi nane, siku ya wanawake, akalipeleka Muyinga, likatundikwa ukumbini karibu na kwa bibi. Bibi Ursula akakalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, hajaambiwa kitu. Wanawake wakaingia wamevaa kitenge cha aina moja wote. Kwa mbali wakaona machela, basi, vigelegele. Wa mbele wakafika kwenye ule uzi mwekundu. Wakanyamaza. Wa nyuma wakaendelea kidogo, halafu nao wakaacha, mmoja mmoja, kama mvua inavyoisha juu ya bati.

Bikizee Jovina, jirani wa bibi, akashika ile ncha.

"Na mi nimewapigia wengi huko njiani," akasema polepole. "Ursula, sikuangaliaga mikono."

Bibi hakulia. Aliangalia shuka muda mrefu, halafu akamwita mjukuu wake asogee.

"Haikuwa nyekundu," akamwambia. "Ilikuwa kamba ya mgomba."

Letisia akasema atafumua, atabadilisha.

"Iache. Ile ya mgomba hawakuiona."

Shuka limebaki Muyinga, juu ya kitanda cha bibi. Letisia amerudi Magarama. Alimwambia Yasmina hataweza kushona ile ya harusi, akamweleza sababu, na tangu hapo Yasmina akipita anaangalia upande mwingine wa barabara. Mlango uko wazi, redio inaongea, yeye anadarizi njiwa.

Ukimaliza kusoma, tafadhali mpe mwingine naye asome.