Piano Iliyopakwa Mafuta Kila Ijumaa

Mafundi wenzangu wa Nairobi hunicheka. Wao hukarabati piano za hoteli na za mabalozi. Mimi, hapa Kisii na Nyamira, hushughulikia zile za bei rahisi, zilizoundwa kwa mbao laini na haraka ya kiwandani. Wanasema napoteza muda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Piano duni ina nyuzi kama piano nyingine, na mtu anayeicheza ana masikio kama balozi.

Ijumaa moja asubuhi niliitwa Nyansiongo, kwa mwalimu mstaafu, mjane Msabato anayefuga ng'ombe wa maziwa. Aliyenipokea mlangoni alikuwa kifunguamimba wake, mwanamume wa makamo anayefanya kazi mjini. Alikuwa amemnunulia mama seti ya makochi, na makochi yalikuwa yameijaza sebule hata tukapita kwa ubavu. Piano ilikuwa imesukumwa kwenye kona, na kochi refu lilikuwa limeiziba nusu.

"Fundi, niambie ukweli," alininong'oneza. "Hii kitu imekufa ama haijakufa? Mama anasema ni wewe utaamua. Ukisema imekufa, Jumapili seremala wa Ogembo anakuja kuchukua mbao."

Sikupenda kufanywa hakimu. Mimi ni mtu wa upande wa ziwani, Kigusii changu ni cha kununulia ndizi tu, na hapo nilitakiwa kuamua mambo ya mama na mwanawe. Nikafungua kifuniko.

Kila uzi wa piano umezungushwa kwenye kigingi cha chuma, na kigingi kinashikiliwa na ubao kwa kukibana tu. Kikilegea, uzi unalegea, sauti inapotea. Vigingi vya piano ile vilikuwa vinang'aa. Niligusa kimoja, kidole kikateleza. Mafuta! Nikamwita mama kutoka jikoni, nikijaribu kutuliza sauti yangu.

"Ni mimi," alisema kwa fahari, akijifuta mikono yenye unga. "Ijumaa ni siku ya matayarisho. Tunapika, tunapiga viatu rangi, tunapiga nguo pasi, kila kitu iwe tayari Sabato ikiingia. Baba watoto alikuwa anapaka cherehani mafuta. Alipotuacha nikaona hata piano ni mashine, isikose yake. Sijawahi kusahau Ijumaa hata moja."

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, ninayo siku zote, lakini niliyameza. Mama huyu alikuwa ameiua piano yake kwa kuitunza. Angeitelekeza kama watu wengine, ingekuwa nzima. Nilimwonea huruma hata nikakosa pa kutazama.

Nikamwomba acheze. Akaketi, akacheza wimbo wa kufungulia Sabato. Ulisikika vibaya sana, kama sufuria zikianguka, ila mikono yake ilijua njia. Niliona kwamba haikwenda mbali. Ilizunguka katikati, ikashuka kidogo kushoto, ikarudi. Sauti za juu kabisa na za chini kabisa hakuzigusa.

Hapo nikajua la kufanya. Piano nzima sikuweza kuiponya, lakini katikati yake niliweza. Nikaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja, navifuta kwa spiriti, navivisha kipande cha msasa, kisha navipiga nyundo kurudi tunduni ili ubao upate cha kung'ata. Nyuzi nazo sikuzivuta hadi kimo kinachotakiwa, maana za namna ile hukatika. Niliishusha sauti ya sehemu ile kidogo, ili nyuzi zake zipatane pale zinapoweza kufika. Kanisa halingeikubali, lakini kwa mama mmoja anayeimba kwa sauti nzito ilitosha.

Mwanawe alikuwa akipita na kuchungulia. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mama yake akae mahali laini.

Nilifanya kazi bila kula. Bado noti moja, katikati kabisa, mama akatoka amevaa leso safi, nywele bado mbichi.

"Fundi, weka chini vyombo. Jua imeenda."

"Mama, dakika chache tu. Imebaki moja."

"Sabato haingojei fundi. Hiyo moja tutaiacha."

Akaketi kucheza. Sauti zilikuwa sawa, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila wimbo ulipofika kwenye noti ile mbovu, aliinua kidole, akaiimba yeye mwenyewe, kisha vidole vikaendelea. Hakuna aliyemfundisha. Nadhani alikuwa akifanya hivyo kwa muda mrefu, noti baada ya noti.

Ubeti ulipokwisha, mwanawe aliniuliza mbele yake, "Itadumu?"

Sikuweza kudanganya. "Peke yake, hapana. Mimi nikiwa narudi mara kwa mara kuikaza, itakwenda miaka kadhaa. Lakini mpya haitakuwa tena."

Mama akageuka juu ya kigoda chake, akamtazama mwanawe, akacheka.

"Na mimi daktari aliniambia hivyo hivyo, baba. Nikirudi-rudi kliniki, nitaenda miaka kadhaa. Sasa mbona hujanitoa nje nipishe viti?"

Mwanawe alianza kucheka naye, kicheko kikamkwama. Akakaa kwenye kochi lake jipya, akaufunika uso kwa viganja.  Mama akageukia piano, akaanza ubeti wa pili, na safari hii noti ile iliimbwa na watu wawili.

Jumapili asubuhi nilirudi kuimaliza. Seremala hakuwepo. Kochi refu lilikuwa barazani, na kuku alikuwa ameshalikalia.