Daftari la Sauti la Kaka Shomari

Wenzangu mliozaliwa wakati betri za redio zikianikwa juani pamoja na makopa ya muhogo, nyinyi ndio ninaozungumza nanyi. Hawa wa leo hawatanielewa. Ukiwaambia betri ilikuwa inaanikwa wanakutazama kwa huruma, wanadhani uzee umeanza kukuchezea. Sisi tunajua. Betri ikichoka unaitoa, unaiweka juu ya bati tangu asubuhi, na ikifika alasiri imepata nguvu ya kukupa taarifa ya habari na nusu ya salamu za wasikilizaji kabla haijaanza tena kuyavuta maneno.

Nimekulia Kiwangwa, kwenye mananasi. Tuliyala mpaka ndimi zikachanika, tukayapaka chumvi yasituume, tukala tena. Shule tulikwenda na kidumu cha maji mkono mmoja, fagio la chelewa mkono wa pili, na ukisahau kimojawapo mwalimu wa zamu alikukumbusha kwa fimbo. Jioni ni michezo ya rede na kombolela mpaka mama mmoja aanze kuita. Akiita mmoja wanaita wote, na kila mtoto aliijua sauti ya mamake hata waite kumi kwa pamoja. Kuitika nako kulikuwa na taratibu zake. Mvulana huitika naam, msichana huitika abee. Ukiitika "nini", kofi limeshakufikia.

Na ilikuwapo sheria nyingine ya Bibi yetu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyetulea pamoja na mama baada ya baba kufariki. Alitukalisha jamvini akatuambia: "Magharibi ikiingia, ukiitwa na humwoni akuitaye, usiitike. Ngoja aite mara ya tatu. Binadamu ana shida zake, atarudia. Shetani haiti mara tatu." Najua wengi wenu mliambiwa hivyohivyo, kwa maneno haya au mengine yanayofanana nayo. Tuliishika sheria ile kama tulivyoshika sala.

Kaka yangu Shomari alinipita miaka saba. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye anasoma sekondari Bagamoyo mjini, anarudi nyumbani Ijumaa juu ya gari la mananasi lililokwenda kushusha mzigo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mkaidi wa kimyakimya, yule anayekubali kila unalomwambia kisha anafanya lake. Ijumaa moja alirudi na habari ambayo haikumtoka tena kichwani. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa amewaambia kwamba katika nchi za mbali watu wamejenga masahani ya chuma, moja lingeweza kufunika uwanja wetu wa mpira, nayo yameelekezwa mbinguni yakisikiliza kama katika nyota zile kuna kiumbe mwenye akili anayeita. Na akawaambia kwamba hata ule mngurumo wa redio baina ya stesheni na stesheni, kidogo chake kinatoka huko juu.

Basi ndipo tukapoteza salamu za wasikilizaji. Redio ya marehemu baba ikawa ya kusikiliza mngurumo. Shomari alifunga waya wa shaba kwenye redio, akauvuta mpaka kwenye mnazi mmoja mwishoni mwa shamba, mrefu kuliko yote, na kila Jumamosi jioni tulikaa barazani, yeye sikio kwenye spika, mimi na daftari. Mimi nilikuwa karani. Alinichorea safu tatu. Ya kwanza, saa. Ya pili, sauti. Ya tatu aliiandika kwa herufi kubwa: IMERUDI?

"Hiyo ya tatu ndiyo yenyewe," aliniambia. "Sauti ikija mara moja, hiyo ni radi, ni gari, ni betri yetu mbovu. Mwenye akili akitaka kusikika atarudia. Wale wa masahani hawahesabu kitu mpaka kirudi."

Bibi alikuwa anachambua mchele pembeni. Akasema, "Si ndiyo niliyowaambia mimi? Wamejifunza kwangu hao." Kisha akauliza kwa makini kabisa, "Na wakiita mara ya tatu mtawaitika nini?"

"Naam, Bibi."

"Wewe naam, na huyu karani wako Mwanaidi abee. Wasije viumbe wa Mungu wakasema watoto wangu hawana adabu."

Tulicheka siku ile mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mimi nililichukua neno la Bibi kwa uzito wake. Nilijifunza kuitika abee polepole, peke yangu, ili siku wakiita nisiwe na kigugumizi. Kila nikiandika sauti, mluzi au mkwaruzo au mapigo kama ya mtu anayegonga ubao, nilingoja, na kila mara safu ya tatu nikaandika hapana.

Siku yenyewe mama na Bibi walikwenda hitimani kijiji cha jirani. Alasiri Shomari alisema waya umeteremka, anakwenda kuupandisha juu zaidi. Akaniachia redio na daftari. "Andika kila utakachosikia, karani. Usiache hata kimoja." Kisha akashika njia ya shambani, waya begani, anapiga mluzi.

Niliandika mkwaruzo mmoja. Jua likazama. Adhana ya magharibi ikasomwa, ikaisha, shamba likanyamaza. Ndipo nikasikia, "Mwanaidi."

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya kaka yangu, imetoka upande wa minazi, na simwoni. Nikafungua kinywa, abee imefika kwenye meno, nikaimeza. Nilikumbuka neno la Bibi. Nilikumbuka na la Shomari mwenyewe. Nikaipunguza redio nikangoja iite mara ya pili. Nilingoja kwa uaminifu wote wa mtoto wa miaka tisa. Haikuja. Basi nikachukua kalamu nikaandika kama nilivyofundishwa: magharibi, sauti imeita Mwanaidi, mara moja. Safu ya tatu, hapana. Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango kwa komeo, nikijiona mtoto mwenye akili sana.

Mama na Bibi walirudi baada ya isha. Mama akauliza kaka yako yuko wapi. Wanaume wakachukua kandili wakaenda, wakamkuta chini ya mnazi, waya bado ameushika. Walimleta juu ya ubao wa mlango. Nilikuwa nimejibanza ukutani nikamsikia jirani mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Bado ana joto." Lakini kwa mama walisema alikwenda palepale, hakuteseka, hakuwahi hata kuita. Mama akalishika neno lile. Akalirudia kwa kila aliyekuja kutoa pole: hakuteseka mwanangu, hakuwahi hata kuita.

Mimi ningesema nini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo walivyotufunza. Mimi nililisikia la mkuu, na aliyevunjika hakuwa mimi.

Daftari mama alilikunja ndani ya kanga akaliweka sandukuni, akiamini lote ni mkono wa Shomari. Alikuwa amehudhuria kisomo cha watu wazima, akajua kuandika jina lake, akaishia hapo. Kila mwaka, siku ya hitima ya Shomari, alilitoa akanipa. "Nisomee ukurasa wa mwisho." Nilimsomea mluzi, nikamsomea mkwaruzo. Kisha kidole chake kilishuka kwenye mstari wa mwisho kabisa. "Na hapa?"

"Hapo ameandika leo hakuna kitu, mama."

Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya ule mstari, taratibu, akisema mkono wa mwanangu huu, mkono wake wa mwisho huu. Na mwandiko ulikuwa wangu. Nilisoma uongo ule nikiwa msichana, nikausoma nikiwa mke wa mtu, nikausoma nikiwa na wajukuu. Mara nyingine nilijiambia namhifadhi mama. Mara nyingine nilijua ninayemhifadhi ni nani. Mama alifariki mwaka jana, na mpaka anaingia kaburini alijua mtoto wake hakuita.

Sasa nakaa Mapinga, kwenye kiwanja tulichonunua wakati huku bado kuna mikorosho na nyani. Leo ni kuta na mageti, na kila jirani anakimbilia Dar alfajiri. Nakaa na mjukuu wangu Sabra, ana miaka kumi na miwili. Ni mtoto mzuri, ila ana vile vidude vya masikioni, naweza kumwita mara sita kutoka jikoni, ya saba anatoa kidude kimoja na kuniuliza, "Bibi, umeniita?" Shangazi yake naye ukimwandikia anasoma, tiki mbili zinageuka bluu, na jibu huja kesho kutwa. Mimi wananicheka kwa kinyume chake. Mlango ukilia kwa upepo, naitika abee. Muuza samaki akimwita jirani, naitika abee. Sabra anasema bibi yangu huitika hata asipoitwa.

Juzi alinijia na simu yake. "Bibi, unajua kuna watu wanasikiliza angani kama kuna viumbe wengine? Wana masahani makubwa."

"Nawajua. Mpaka leo hawajaitwa?"

"Bado. Wanasema waliwahi kusikia vitu, lakini havikurudi, kwa hiyo havihesabiwi."

Sijui ni nini kilichonisukuma. Niliinuka nikaenda kwenye sanduku la mama, nikalitoa daftari, nikampa. Alilisoma lote kwa furaha, mistari ya mluzi na mapigo, akacheka pale Shomari alipoandika pembeni kwamba karani amesinzia. Akafika mwisho, akaweka kidole kwenye mstari.

"Bibi, huu mstari wa mwisho ni mwandiko wa nani?"

"Ni wangu."

"Nani alikuita?"

Magharibi ilikuwa imekaribia. Enzi zetu saa hizo mtaa mzima ungekuwa unaita watoto, majina kumi hewani kwa pamoja, na kila jina lina mwenyewe anayelikimbilia. Siku hizi nakaa barazani mpaka giza linaingia, sisikii jina la mtoto yeyote. Wote wako ndani, wameitwa kwa simu. Natamani zile kelele. Natamani nirudi barazani Kiwangwa na miguu yangu ya miaka tisa, nikimbie kwenye yale mananasi, miba inikate, nisihesabu chochote.

Nikamwambia ni nani. Nikamwambia yote. Sabra alivitoa vidude vyake masikioni, vyote viwili, akavifumbata.

"Kwa hiyo hukumsikia vizuri, Bibi," akasema. Alikuwa ananitafutia njia ya kutokea, maskini, kama wale majirani walivyomtafutia mama.

"Nilimsikia," nikamwambia. "Nilimsikia mara ya kwanza."