Jibu la Mtu Aliyekurupushwa

Mtu akikukurupusha usingizini, usimjibu. Mimi siku hizi hata mchungaji akinigongea nanawa uso kwanza, nakunywa chai, ndipo namsalimu, kamwene. Wanaosema naringa waendelee kusema.

Siku ile nilikuwa nimevuna viazi tangu asubuhi. Baridi ya Mdandu mwezi wa saba haina mzaha, nikakaa jikoni karibu na moto, usingizi ukanichukua. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaingia kutoka Makambako na kunitikisa bega. Nilifumbua macho, lakini mdomo huamka kabla ya akili. Mdomo unajua kusema karibu, unajua kusema haya, na mikono inajua kumimina chai. Akaniuliza kama apande milingoti, yaani mikaratusi, kwenye kinyungu changu, lile shamba la bondeni ninalolima mboga na mahindi kiangazi kizima. Nikasema haya, panda. Akanywa chai yake, akaondoka haraka.

Nilipozinduka sawasawa nilikuta vikombe vitatu kwenye kigoda. Cha tatu kilikuwa kimejaa na chai imepoa. Nikakumbuka nilichokisema, nikalia kidogo, kisha nikaviosha.

Wiki iliyofuata miche ilikuwa imesimama bondeni. Kila mtu wa huku anajua mlingoti unavyokunywa maji. Ukikaa pale, chemchemi inakauka, na kinyungu ndicho kinachowalisha wanangu. Niliing'oa yote, nikairundika kando ya barabara. Sikuona haya hata chembe.

Nikaitwa kwa mama mkwe. Kwetu neno ulilompa ndugu wa mume jikoni kwako, tena kwa chai, halirudishwi, na shemeji alilijua hilo vizuri sana.

"Alikubali mwenyewe," alisema. "Mwulizeni."

"Nilikubali," nikasema. "Nilikuwa usingizini."

"Usingizi gani, shemeji, na macho umefumbua? Si ulinimiminia na chai?"

Mama mkwe akanigeukia. "Ni kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama. Nilimimina vikombe vitatu. Mwulize cha tatu nilisema ni cha nani."

Shemeji akatazama chini. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kumsaidia. Tulingoja mpaka akasema.

"Cha kaka."

"Nikakutuma ukamwite zizini, nikasema chai yake inapoa. Ulikwenda?"

Mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge.

"Basi maneno yangu ya siku ile yasimame yote," nikamwambia. "Nenda kamwite kaka yako aje anywe chai. Akija, panda milingoti yako mpaka mlangoni kwangu."

Kisha mama mkwe, uso bado umefunikwa, akamwambia mwanawe akaokote miche yake barabarani.