Bwana, Naomba Jina Lako Kamili

Mdoli alikuwa na jina, umri, mke marehemu na mzio wa penisilini. Kitu pekee alichokosa ni haya, maana alishinda kwenye kitanda cha maabara ya chuo amevaa gauni lililo wazi mgongoni, macho yake ya plastiki yakifumba na kufumbua kila baada ya sekunde sita. Aliitwa Bwana Harold Sims. Wanafunzi wote wa uuguzi walipitia kwake, na ndiye aliyemfelisha Twyla Stiltner mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Septemba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hata aibu kuitaja: kumpa mgonjwa kidonge kimoja cha shinikizo la damu. Twyla alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akiwa mhudumu wa nyumba ya wazee kule bondeni. Ameogesha, amelisha, amegeuza na kuvisha nusu ya wilaya. Kidonge tu ndicho hakuwahi kuruhusiwa kukigusa. Miaka kumi na tisa yeye alishika glasi ya maji, na nesi wa shati la bluu alishika kidonge, kisha nesi akaenda kuandika kwamba amempa mgonjwa dawa. Glasi haikuandikwa popote. Twyla alikitaka kidonge kile. Ndiyo maana, na umri wake wote ule, alijiunga na chuo cha jamii kilichojengwa juu ya mlima uliokatwa kichwa na kampuni ya makaa ya mawe, akakaa darasani na mabinti wanaotafuna ubani.

Basi siku ile ya Septemba aliingia, akatabasamu, akamwinua mdoli kichwa kwa mkono mmoja kama mtu aliyefanya hivyo mara elfu thelathini, akampa kidonge.

"Umejuaje kuwa ndiye?" akauliza Bi Fenwick, mwalimu, akiwa amekumbatia kibao chake chenye fomu ya hatua thelathini na mbili.

"Angekuwa nani, mama? Chumba kina kitanda kimoja."

"Hukuuliza jina. Hukuuliza tarehe ya kuzaliwa. Hukusoma bangili yake ya mkononi. Umemuua."

"Nimemuua kwa kidonge cha peremende?"

"Kosa kubwa. Umefeli."

Tuwe wakweli: huku kwetu milimani hakuna anayemuuliza mtu jina. Mzee Hobert wa chumba cha nne kule nyumba ya wazee ni kaka wa bibi yake Twyla. Ukimuuliza Hobert yeye ni nani, atadhani amekufa na habari hazijamfikia.

Mara ya pili ilikuwa Oktoba. Twyla aliuliza kila kitu. Aliuliza jina, tarehe, mzio, akasoma bangili, akanawa mikono hadi ikachubuka. Alifika hatua ya ishirini na saba bila doa. Akamwinua mdoli kichwa, akamwekea kikombe mdomoni, akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kwa Hobert na wenzake wote, "Haya, meza taratibu, mpenzi."

Kalamu ya Bi Fenwick ikasimama.

Huku kwetu neno hilo halina uzito wowote. Mshtakiwa humwita hakimu mpenzi. Mbwa ni mpenzi, fundi wa bomba ni mpenzi, na mwanamke aliyekugonga gari kwa nyuma ni mpenzi kabla hujaanza kumtukana. Lakini katika fomu ya Bi Fenwick, chini ya kichwa cha "Utu wa Mgonjwa", kumwita mgonjwa mpenzi, mrembo au babu yangu kulikuwa kosa kubwa, daraja moja na kumpa sumu.

"Mama, huyu ni plastiki," Twyla alisema.

"Leo ni plastiki." Bi Fenwick alivua miwani. Alikuwa mtu wa jimbo jingine, Ohio, mwaka wake wa tatu hapa, na bado alifunga mlango wa gari kwa ufunguo, jambo ambalo huku hakuna anayelifanya. "Mama yangu alikaa miaka minne katika nyumba ya wazee. Kila aliyeingia chumbani alimwita mpenzi. Siku aliyofariki nilipigiwa simu, na aliyepiga hakulijua jina lake. Aliniambia, 'mpenzi wetu wa chumba cha tisa.'"

Twyla alitaka kumwambia pole, mpenzi. Akaling'ata lile neno la pili. "Pole," alisema, na likatoka kavu kama biskuti ya juzi.

Sheria ilikuwa hivi: ukifeli mara tatu, unatoka. Nafasi yako anapewa mmoja wa watu sitini na mmoja walio kwenye orodha ya kusubiri, na wewe unaruhusiwa kuomba tena baada ya miaka miwili. Kule kwenye nyumba ya wazee, anakofanya zamu za Jumamosi na Jumapili, msimamizi alishamwambia kwa upole mbaya sana, "Usijali. Shati lako la kijani la uhudumu hatujampa mtu."

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mumewe Dallis aliumizwa mgongo na mgodi, na tangu hapo yeye na kochi walikuwa kitu kimoja. Twyla alifanya mazoezi ya mtihani kwake kabla ya kumpa kahawa.

"Bwana, naomba jina lako kamili."

"Mume wako."

"Jina, Dallis."

"Umeshalitaja."

"Una mzio wa kitu chochote?"

"Maswali."

"Dallis, nikifeli nimekwisha."

"Ukifeli si mwisho wa dunia," alisema Dallis, kwa uso wa mtu ambaye ungekuwa mwisho wa dunia yake. "Sasa nipe kahawa, inapoa."

Ili kujikomesha, Twyla alivaa mpira wa kufungia noti mkononi, na kila neno lile la "mpenzi" lilipomponyoka alijichapa nao. Jumamosi jioni mkono ulikuwa mwekundu kama ulioumwa na nyuki. Kufikia Jumapili neno lilikuwa limeadimika, na bibi mmoja wa chumba cha kumi na mbili akamshika aproni. "Twyla, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, m—" Chapa. "Bibi Lovisa. Hujanikosea."

"Basi mbona unaongea nami kama benki?"

Siku ya mtihani wa tatu, wiki moja kabla ya sikukuu ya bata mzinga ya mwishoni mwa Novemba, alimkuta Jaxie mlangoni mwa maabara. Jaxie, mwanafunzi mwenzake, alikuwa na miaka ishirini na kucha ndefu zilizokatazwa.

"Anti Twyla, Harold amekufa. Ni wewe?"

Harold hakufa, ila mafundi walikuwa wamemwekea programu mpya ya kompyuta, naye akafumba macho, akaachama mdomo na kukataa kuamka. Chuo kikaomba wazee wa kujitolea kutoka kituo cha wastaafu, waigize wagonjwa kwa malipo ya chakula cha mchana. Kila mzee alipewa bangili ya Harold Sims na kadi ya kukariri.

Twyla alivuta pazia. Kitandani, gauni la hospitali likiwa juu ya ovaroli, alikuwa Estil Combs, shemasi wa kanisa lao, miaka themanini na sita, jirani yake ng'ambo ya kijito. Huyu ndiye aliyembeba Twyla mabegani siku ya mafuriko, Twyla akiwa na miaka sita.

"Twyla!" alipaza sauti, maana alikuwa nusu kiziwi na aliamini wengine wote ni hivyo pia. "Hawakuniambia ni wewe! Njoo unipe busu."

Bi Fenwick alikuwa amesimama kwenye kona. Twyla akaanza hatua ya kwanza. "Habari za asubuhi, Bwana. Mimi naitwa Twyla, ni mwanafunzi wa uuguzi, na leo nitakupa dawa yako."

Estil akamtazama. Akatazama nyuma yake kuona anaongea na nani.

"Bwana, naomba jina lako kamili."

"Umelewa?"

"Jina lako kamili, tafadhali."

"Estil Combs, na wewe unalijua!"

Kadi ya kukariri ilikuwa sakafuni. Twyla aliiona. Estil aliiona pia, akakumbuka, akakunja uso. "Aa, ile. Hapana. Mimi siwi Harold Sims. Nilimjua Harold Sims mmoja kule mgodini, alikuwa mwizi wa kuku. Siwezi kujiita hivyo mbele ya watu."

"Bwana, bangili yako inasema Harold Sims."

"Bangili inadanganya. Lete kidonge, mwanangu, watu tuna njaa. Maharage yananukia mpaka hapa."

Twyla alisimama na kikombe cha kidonge mkono mmoja na glasi ya maji mkono wa pili. Akimpa, ni lile kosa la Septemba. Asipompa, hatua ishirini na tatu zinabaki bila alama, na fomu haikubali nafasi tupu. Angeweza kumbembeleza aseme Harold, mara moja tu, lakini katika maisha yake alijua njia moja ya kumbembeleza mzee, na njia hiyo ilianza na lile neno.

Bi Fenwick akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki dakika tano kufikia saa sita. Akakohoa. "Twyla," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "sote tunamjua ni nani. Endelea tu."

Twyla akakitazama kidonge. Je, huu ulikuwa wema? Au ulikuwa mtego? Katika mitihani yao ya kuandika, majibu yote manne huwa sahihi, nawe unatakiwa uchague lililo sahihi zaidi. Muhula mzima wamemfundisha kutoamini kitu chochote kinachofanana na akili ya kawaida, na sasa mwalimu yule yule anamwita arudi kwenye akili ya kawaida, na bahati mbaya alikuwa hakumbuki tena ilipo.

Akaweka kidonge chini.

"Bi Fenwick, bangili inasema hivi, na mgonjwa anasema vile. Sitoi dawa. Nawapigia simu watu wa dawa."

"Hapa hakuna watu wa dawa, Twyla."

"Basi naipigia hewa." Akainua kiganja sikioni. "Haloo? Nina mgonjwa ambaye si yeye."

"Mimi si mimi?" Estil alikuwa ameketi kitandani, gauni limemteleza begani. Alikuwa hatanii tena. "Nimekubeba kwenye maji mpaka shingoni, leo unaniambia mimi si mimi?"

"Bwana, naelewa kuwa umekasirika. Niambie zaidi kuhusu hilo." Sentensi hiyo ilikuwa ukurasa wa arobaini na nne wa kitabu. Aliisema neno kwa neno, na aliona jinsi ilivyomwingia mzee.

Estil akageukia ukuta.

Bi Fenwick alipekua fomu yake mbele na nyuma. Hapakuwa na nafasi ya jambo hilo. Mwishowe alichora kisanduku kwa mkono pale chini, akakiwekea alama ya vema. "Umefaulu. Ungempa, ningekufelisha."

"Hata baada ya kuniambia nimpe?"

"Hasa baada ya hapo."

Twyla hakujua kamwe kama huo ulikuwa ukweli au ilikuwa njaa ya mchana. Alipewa karatasi ya muhula ujao: sindano, mipira ya mkojo, vidonda, mitihani kumi na mmoja, mgonjwa Harold Sims, akipona. Jaxie alimkumbatia na kumchoma mgongoni kwa kucha. Twyla alingoja furaha ije. Ilipochelewa akaenda kutafuta gari.

Estil alikuwa amekaa kwenye ukingo wa maegesho. Alikuwa ameomba sahani ya pili ya maharage na mkate wa mahindi, na basi la kituo cha wastaafu likamwacha.

"Panda, Babu. Nakwenda huko huko."

Mzee alifungua mlango wa nyuma, akaketi katikati ya kiti kama abiria wa teksi.

"Kaa mbele, Babu."

"Mbele wanakaa watu wanaojuana."

Twyla alishika ufunguo. Kabla hajauzungusha, mkono ulipita juu ya bega lake. Ulikuwa umeshika leseni ya udereva iliyokwisha muda miaka tisa iliyopita.

"Soma. Usije ukabeba mtu usiyemjua."

"Babu, jamani."

"Soma kwa sauti. Mimi si mdoli."

Akasoma. "Estil Monroe Combs. Amezaliwa tarehe kumi na nne Novemba..." Akasita. "Babu, mbona Novemba? Kanisani tunakuimbia Aprili."

"Mwaka mmoja mama yako alikosea mwezi, na keki ilikuwa tayari. Ulitaka niikatae?" Akairudisha leseni mfukoni. "Haya. Endesha."

Walishuka mlima, kona baada ya kona. Walipofika darajani Estil akasema, bila kupaza sauti safari hii, "Ungenipa tu kile kidonge."

"Wangenifukuza."

"Kwa ajili ya peremende?"

"Kwa ajili ya peremende, Babu."

Alimwona kwenye kioo akiwaza. "Nikiugua kweli nikaletwa kwako, utaniuliza tena hivyo hivyo?"

"Itabidi."

"Kwa uso ule ule?"

Twyla akafungua mdomo. Lile neno, mpenzi, lilikuwa pale pale kwenye ulimi, limeiva, na hapakuwa na mtu wa kuandika chochote. Halikutoka. Alijaribu tena, likakataa, na mkono wake ukaruka wenyewe kutafuta ule mpira. Mbele yao lori la magogo liliingia barabarani, likitambaa na kutoa moshi, na kutoka hapo hadi nyumbani hakuna sehemu hata moja ya kulipita.