Egide, dakika zako tano nilizoziongea mimi

Watu wa Jabe, muko mashahidi: hapa Bujumbura nzima hakuna mutu anayeongea kunizidi. Nimewahi kumuuzia viatu mutu aliyekuja sokoni kununua mukate! Polisi mwenyewe aliniambia, "We kijana, nenda tu, umenichosha masikio."

Basi tangu juzi sina neno. Egide ameenda. Mama yake alimukuta asubuhi hapumui.

Miaka kumi na saba, jamani.

Bado namuwekea kigoda chake pembeni ya mitumba yetu. Halafu nakumbuka. Nakiacha hapohapo.

Egide alikuwa mupole mpaka basi. Muteja anamuuliza yeye bei, najibu mimi. Yeye anacheka, anafunga kamba za viatu, hata vile vibovu ambavyo hakuna atakayevigusa.

"We unanimalizia maneno yangu yote," aliniambia siku moja.
"Apana, nakutunzia!"

Na unga wa kulevya uliomuua, ule tunaouita boost, ulimuingia hivyohivyo, kimyakimya.

Kuna siku alikuwa na homa, nikamupeleka centre de santé, kituo cha afya. Infirmière, muuguzi, mama mumoja wa miwani, akamupima malaria. Halafu akasema pale kila kijana anaulizwa maswali machache: pombe, bangi, unga. Dakika tano tu, haambiwi polisi wala muzazi, na anayetaka kuacha anasaidiwa.

"Nitaongea na yeye peke yake. We ngoja nje."

Mi, nitoke? "Mama, huyu bila mimi hajui hata jina lake!"

Korido nzima ikacheka. Nikabaki.

"Mwanangu, kuna kitu unatumia?"
"Huyu? Huyu anaogopa hata Fanta!"

Mama hakucheka. Alimuangalia Egide, akangoja. Egide alikuwa amefungua mudomo. Nilimuona. Nikapiga utani mwingine, akaufunga.

Tulirudi na dawa za malaria. Njia nzima niliongea mimi.

Wadogo zangu, infirmière akikwambia ngoja nje, ngoja nje.

Egide, leo muteja ameuliza bei ya vile vyeusi ulivyofunga kamba. Nimeviweka kwenye kigoda chako. Ameondoka.

Lala salama, ndugu yangu. Nilijua unatumia. Niliogopa aibu, tujulikane sokoni. Yule mama alikuuliza wewe, na wewe ulitaka kusema.

Nikajibu mimi.