Kilichomfanya Neema Ainamishe Uso

Jamani, msinicheke. Nilikwenda Itetemia kumhoji Neema, binti aliyejifungua juzijuzi, kwa utafiti wetu wa afya ya akili ya wazazi wadogo. Kila nikimuuliza kama analala, kama analia, ananitazama kidogo, anainamisha uso, kisha anamnong'oneza mama yake kwa Kinyamwezi. Nikajisemea, huyu ana huzuni nzito, tena anaificha! Udadisi ukanipanda, nikasogeza kigoda. Kichanga chake kikaangua kilio. Mimi nazidi kuuliza tu.

Mwishowe mama mtu akanifunika khanga kifuani. "Pole, mwanangu. Maziwa yako yamelowanisha gauni lote, na huyu anaona haya kumwambia mgeni."

Neema akainua uso. "Dada, wako umemwacha na nani? Unalala? Unalia?"

Nilikuwa nimeshaanza kulia.