Msiba wa Bwana Shati

Harufu ya utomvu wa ndizi mbichi haijawahi kunitoka puani. Naweza kuwa dukani kwangu Omurushaka, nimezungukwa na maboksi mapya ya televisheni yanayonuka plastiki, mama mmoja akapita barabarani na beseni la ndizi zilizomenywa, basi mimi nimekwisha. Narudi Bweranyange, kwenye sebule ya Shangazi Paskazia, mlango wazi, jua la mchana limeingia hadi miguuni pa kochi, na wanawake wa kitongoji kizima wameketi kwenye mikeka, kila mmoja na kisu chake na ndizi za kwake, wanamenya chakula cha jioni huku wanatazama tamthilia. Maganda yanarundikana katikati, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, na mbele yao nimesimama mimi, Swetbert, wote wakiniita Sweti, kaptula imetoboka nyuma, ninatafsiri. Niseme mapema tusije tukasumbuana: shule niliiacha darasa la tano, na leo wenye digrii wananipigia simu kuniomba nikawafungie dishi. Biashara sikufundishwa na mtu. Niliipatia kwenye sebule ile.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mjane, kibanja chake cha migomba kimepakana na chetu. Mtoto wake pekee alikuwa Mwanza, na ndiye aliyemletea ile televisheni ya chogo ili mama asikae mpweke. Kabla ya hapo Shangazi alikuwa anamenya ndizi zake chache jikoni, peke yake, anaongea na paka. Umeme haukuwapo, tulitumia betri ya gari niliyoipeleka kuchajiwa Omurushaka kwa baiskeli, nikiifunga kwa mpira kama mtoto mchanga. Antena tuliifunga juu ya mlingoti wa mkaratusi tukaielekeza Uganda, kwa sababu huko ndiko picha ilikotoka bila chenga nyingi. Mchana walikuwa wanaonyesha tamthilia kutoka nchi za mbali, watu weupe wenye nywele nyeusi, midomo ikisema yake na sauti ya Kiingereza ikisema yake. Kiingereza changu kilikuwa cha kumwamkia mwalimu tu. Lakini uso wa mtu nilikuwa nausoma vizuri kuliko kitabu, na hadi leo mteja akiingia dukani najua kama atanunua kabla hajafunga mwavuli. Nilitazama nyuso zile, nikawaeleza akina mama kwa Kinyambo chetu kilichonyooka, na hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea.

Majina ya kigeni yaliwashinda, wakayatupa. Binti mwenye macho makubwa wakamwita Kokugonza. Mchumba wake, kijana mpole asiyevaa kingine ila shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, wakamwita Bwana Shati. Walimpenda yule mtu kuliko walivyowapenda waume zao, na walisema hivyo waziwazi. Mama Novati, jirani yetu mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa na kipimo chake cha tamthilia: kisu. Ikiwa nzuri, visu vinasimama. Ndizi inabaki mkononi nusu imemenywa, utomvu unachuruzika hadi kwenye kiwiko, hakuna anayejali. Siku hizo wanaume wa Bweranyange walikula usiku sana, na hawakujua kwa nini. Tamthilia ikiwa mbovu, visu vinakwenda mbio na ndizi zote zinakwisha kabla ya tangazo la kwanza.

Halafu Bwana Shati akafa. Gari lake lilitumbukia korongoni, akalazwa hospitali siku nyingi, Kokugonza amemshika mkono, mwisho akafumba macho. Mazishi yao yalitushangaza. Watu wamesimama na miavuli na miwani myeusi, wamenyamaza kama wanasubiri basi, hakuna hata mmoja anayelia kwa sauti. Mama Novati akasema huo ni ushenzi, mtu mzuri namna ile hawezi kuzikwa kimyakimya. Akaanza yeye. Sebule nzima ikapokea, kilio kikapanda hadi mbuzi wa Shangazi wakakata kamba. Na kwetu mtu akizikwa jirani, jembe halishikwi. Kesho yake, na ilikuwa wakati wa kupanda maharage, mvua imenyesha vizuri, hakuna mwanamke aliyekwenda shamba. Baba Novati akamuuliza mkewe nani kafa.

"Bwana Shati," mkewe akajibu.

"Wa wapi huyo?"

"Wa kwa Paskazia, kwenye kioo."

Mzee aliketi chini akacheka hadi kofia ikadondoka, lakini jembe hakulishika na yeye. Alisema msiba ni msiba.

Sasa hapo ndipo wenye tamthilia walipoharibikiwa. Nadhani walikuwa wamemaliza maneno. Kokugonza akapoteza kumbukumbu, akaipata, akaipoteza tena. Mama yake akaondoka kwenda sokoni, akarudi ni mwanamke mwingine kabisa, mfupi, na sisi tukatakiwa tukubali. Mtu anaulizwa swali, na kabla hajajibu wanamulika uso wake, kisha uso wa mama mkwe, kisha uso wa mpishi, kisha matangazo. Nusu ya muda wanaturudishia ya juzi kana kwamba sisi ni watu wa kusahau. Visu vikaanza kukimbia. Ndizi zikawa zinamenywa safi, nyeupe, hata doa hakuna, na Shangazi aliziangalia zile ndizi safi kama mtu anayeona wingu baya. Alijua watu wakikosa kinachowasimamisha mikono, wataona ni afadhali wamenye kwao.

Ikafika siku Kokugonza anaolewa na mwanamume mwingine. Kanisa limejaa, mlango unafunguliwa, anaingia nani? Bwana Shati. Mzima, hana kovu, ameota ndevu. Mama Novati alifuta kisu chake kwenye kanga, akakusanya ndizi, akasimama.

"Jembe tuliliweka chini kwa ajili yake," alisema. "Mvua ya kupandia ikatupita. Leo anarudi na ndevu? Paskazia dada yangu, nyumba yako haina kosa, lakini watu hawa wanatucheza."

Akatoka, na wengine nyuma yake mmojammoja, wakiinama kumuaga Shangazi kwa heshima kama watu wanaotoka matanga. Kesho yake mchana niliwasha betri, tukawa wawili tu. Shangazi aliketi kwenye mkeka ule mpana, akamenya ndizi zake chache, akamaliza, akabaki amezishika. Keshokutwa vilevile. Siku iliyofuata nilimkuta jikoni anaongea na paka, televisheni imefunikwa kitambaa, na aliponiona akaniambia nikacheze tu, betri ipumzike.

Mimi si mtu wa kukaa na hasara, hata nikiwa mtoto sikuwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Novati, nikamkuta anageuza kahawa juani kwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nina habari. Yule aliyeingia kanisani siye. Bwana Shati amelala kaburini alikozikwa, na vilio vyetu vimemfikia. Huyu ni mdogo wake, walizaliwa wakafanana, amekuja na ndevu ili watu wasimchunguze kidevu, na anachotafuta ni kibanja cha marehemu. Mama Novati aliacha kugeuza kahawa.

"Kibanja?"

"Kibanja chote, na migomba yake. Na Kokugonza bado hajagundua."

"Umesikia wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine anawatafsirieni?"

Habari ya ndugu anayenyemelea kibanja cha marehemu, huku kwetu, haihitaji tangazo. Kila nyumba inayo moja. Kesho yake jua halijageuka, sebule ilijaa hadi barazani, wengine wamekuja na mikungu mizima. Nikasimama mahali pangu. Kwenye kioo wale watu walikuwa wanakumbatiana na kulia kwa furaha, sauti juu, na nikaona nyuso za akina mama zinaanza kusitasita. Hapo Shangazi Paskazia, aliyeketi karibu na televisheni, akasema bila kugeuka:

"Sweti, punguza sauti. Hawa watatuchanganya."

Sauti nikaizima kabisa. Kuanzia siku ile tamthilia ilikuwa yangu. Wao walileta picha, mimi nikaleta maneno. Walipomulika uso wa mpishi, mpishi alikuwa anakumbuka mahali hati ya kibanja ilipofichwa. Kokugonza alipopoteza kumbukumbu, alikuwa anajifanya ili amnase yule mwizi. Visu vilisimama hadi tukasahau kuvisikia. Na betri ilipokufa kabisa, isikubali tena chaji, walikuja vilevile, wakaketi mbele ya kioo cheusi na ndizi zao, wakaniambia niendelee pale nilipoishia. Shangazi alicheka msimu ule kuliko nilivyomsikia akicheka maisha yake yote.

Leo nauza televisheni bapa za kila ukubwa, Karagwe na Kyerwa yote wananijua, na nyumba yangu inaonekana toka barabarani kabla hujaona mji. Ya ukutani kwangu ni pana kama mlango wa ghala. Tamthilia zinaanza asubuhi hadi usiku, zimetiwa Kiswahili, dada mmoja kwa sauti ileile anamsemea bibi, mtoto na askari. Shangazi nimemchukua nakaa naye. Msimu wa kahawa uliopita Mama Novati alikuja kumsalimia, na wale wazee wawili wakaomba ndizi na visu, ingawa mke wangu aliwaambia chakula kiko tayari. Niliwatazama nikiwa mlangoni. Picha inang'aa hadi unaona vinyweleo vya watu, spika nne, na visu vyao vinakwenda kama cherehani. Mkungu ukakaribia kwisha. Kisha kwenye kioo mlango ukafunguliwa, akaingia mtu aliyekuwa amezikwa wiki iliyopita.

"Tena?" alisema Mama Novati, hata uso hakuinua.

Simu yangu ilikuwa inaita, mteja wa Kyerwa. Shangazi alinyoosha mkono mweusi kwa utomvu, akanionyesha ukuta.

"Sweti, punguza sauti."

Nikazima simu, nikazima na sauti ya ukutani. Nikasimama mbele ya kioo, tumbo langu hili likiwazibia nusu ya picha.

"Siye," nikasema.

Visu vikasimama.